Chema Hakijiuzi

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: ndivyo wahenga walivyosema, na ndivyo wafanyavyo kukariri wale wanaodhani kwamba methali ni hirizi ya kila zama. Methali hii ilizaliwa sokoni, pale mnunuzi anapoinama, akakitwaa kikapu, akakipindua, akaunusa ukindu wake, akauvuta mshikio kuona kama utahimili, kisha ndipo akaanza kupatana bei. Katika soko hilo chema hakihitaji msemaji, kwani mkono na kitu huzungumza bila ya mkalimani. Katika soko la intaneti mkono haumo. Harufu haimo, uzito haumo, wala ule mlio mdogo wa ukili mkavu unapobonyezwa. Yaliyobaki ni picha na maneno. Basi anayemwambia msusi kwamba kazi yake nzuri itajiuza yenyewe anamdanganya; na anayemwambia aiuze kwa maneno ya kuazima anamwibia.

Na tuseme duka hilo lipo Mikese, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, mahali ambapo milima ya Uluguru imekwisha kuonekana na safari inakaribia kituo. Duka la namna hiyo liliishi kwa wapitao njia. Basi lilipunguza mwendo, abiria akachungulia dirishani, mkono ukatoka na noti, mkeka ukaingia. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Ngerengere imo katika vituo vyake, Mikese haimo. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Treni ni neema. Lakini kila abiria aliyehamia ndani ya treni ni macho mawili yasiyopita tena mbele ya kibanda. Kwa msusi wa kando ya barabara, duka la mtandaoni limekuwa ndiyo barabara yenyewe.

Hapo ndipo wanapojitokeza washauri, na nasaha yao ya kwanza haibadiliki: punguza bei. Nasaha hii husemwa kwa upole mwingi, kana kwamba ni hisani, nayo ni sumu. Hesabu yake si ngumu. Katika soko la Etsy, ambalo lilianzishwa Brooklyn mwaka 2005 na linajulikana duniani kwa kazi za mikono, muuzaji hutozwa senti 20 za dola kwa kuweka bidhaa, na bidhaa ikiuzwa hukatwa asilimia 6.5, tena hukatwa si juu ya bei ya kitu peke yake, bali juu ya bei pamoja na nauli ya kukisafirisha. Chukua kikapu cha dola 12 chenye nauli ya dola 30. Mnunuzi atalipa 42. Soko litakata dola 2.93, na katika zile 12 zitabaki 9.07. Sasa mshauri apewe nafasi yake, bei iteremshwe nusu, iwe dola 6. Mnunuzi atalipa 36. Soko litakata 2.54, duka litabakiwa na dola 3.46. Mnunuzi ameokoa sehemu moja ya saba ya malipo yake, ilhali msusi amepoteza zaidi ya nusu ya pato lake. Hesabu hii haijagusa gharama za kupokea fedha, wala ukindu, wala rangi, wala kuni za kuichemshia. Je, huko ni kukuza mauzo, au ni kumtoa msusi kafara ili tarakimu za mauzo zinenepe?

Mwenye akili ya biashara angeanza na nauli, kwa kuwa ndiyo iliyomzidi kikapu kimo. Angeuza vikapu vitatu vinavyoingiana kama sufuria, vikasafiri katika furushi moja. Angetanguliza vitu vinavyokunjika na kulala: mikoba ya ukili isiyo na kitako kigumu, vipepeo, mikeka midogo. Kisha angeipandisha bei ya kitu kilichochukua siku nyingi, na kueleza waziwazi ni siku ngapi. Kazi ya mkono haiwezi kushindana na mashine kwa bei rahisi. Ikiingia katika mbio hizo imekwisha kushindwa kabla ya kuvua viatu.

Nasaha ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwani haigusi mfuko tu, inagusa ulimi. Husemwa: mnunuzi wa mbali hajui Kiswahili, basi tumia maneno anayoyatafuta yeye. Hivyo kila kitu kinabatizwa jina moja, kapu la Kiafrika la mapambo. Tazama kinachopotea. Ungo ni wa kupepetea, kung'uto ni la kuchujia, kifumbu ni cha kukamulia tui. Tenga huchukulia kuku na matunda. Pakacha husukwa kwa makuti mabichi, likatumika, likatupwa bila ya majuto. Kawa hufunika chakula kikangoja mwenyewe, jamvi hukalisha halaiki, msala humtenga mja na vumbi wakati wa sala. Kila jina ni kazi, na kila kazi ni sababu ya kununua. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba hiki ni kifumbu, na akaelezwa nazi inavyokunwa na tui linavyokamuliwa, ameuziwa kitu chenye maisha. Aliyeambiwa kwamba hili ni kapu la Kiafrika ameuziwa kitu cha kujaza pembe ya chumba, na kesho atakiona hicho hicho kimetoka kiwandani kwa robo ya bei, wala hatakuwa na sababu ya kukikataa.

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa aliyemzaa. Ni ajabu iliyoje, basi, chini ya milima hiyo hiyo kikapu kutoka mikononi mwa mwanamke kikaenda duniani bila ya mama! Duka lina jina, soko lina jina, kampuni ya kusafirisha ina jina, hata boksi lina chapa; aliyesuka hana. Mikese imekwisha kuyaona haya. Mwaka 1916, baada ya majeshi ya Uingereza kuiteka Morogoro, kituo cha reli cha Mikese kilikuwa pahala pa kuteremshia shehena za vita zilizoelekea kusini, upande wa Rufiji, na sehemu kubwa ya shehena ile ilibebwa vichwani na wapagazi. Majina ya majenerali yamo vitabuni. Wapagazi wengi hawana hata jina juu ya kaburi. Haipendezi karne moja baadaye mzigo upite tena mahali pale pale kwa kanuni ile ile.

Kwamba jina ni mali, ushahidi upo ndani ya nchi. Vikapu vya milulu vya Iringa vinatafutwa ng'ambo kwa jina la Iringa. Jina limekuwa sehemu ya bei. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na akafariki mwaka 1972, lakini jina lake limewalisha wachoraji zaidi ya nusu karne, na mwaka 1990 warithi wa mtindo wake wakaunda ushirika. Na wajanja wa mbali wanaijua thamani hiyo kuliko wenyewe: mwaka 2007 makelele yalizuka Kenya baada ya kampuni moja ya Uingereza kuomba neno 'kikoy' lisajiliwe kuwa alama yake ya biashara. Zanzibar ina sheria ya mali ya viwanda tangu mwaka 2008, nayo inatambua alama za mahali bidhaa zitokapo. Wakati neno la pwani linaombewa umiliki ugenini, mwenye neno anashauriwa nyumbani alitupe.

Ipo nasaha ya tatu, nayo hujivika kanzu ya huruma: andika kwamba msusi ni mjane, ni maskini, ana watoto sita. Hiyo si biashara, ni kuombaomba kwa niaba ya mtu asiyeomba. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja, kwani huruma hukoma ilipolipwa. Anayenunua kwa kuthamini ustadi hurudi. Tangazo lenye adabu husema hivi: mkoba wa ukili; upana sentimita 38, kimo sentimita 30; ukindu umeanikwa, ukachemshwa kwa rangi, ukasukwa na kushonwa kwa mkono kwa muda wa siku tano; rangi ya zambarau huweza kupauka ukiachwa juani; umesukwa na fulani wa Mikese, aliyeridhia jina lake liandikwe na anayepata fungu hili la bei. Kando yake iwekwe picha iliyopigwa mchana kweupe, mkono wa mtu ukionekana ili ukubwa ujulikane. Kiswahili kitangulie, tafsiri ifuate. Hakuna pambo hapo, na hakuna machozi. Kuna ukweli uliopangwa vizuri, na hiyo ndiyo nathari.

Lawama hii haiwakuti washauri peke yao. Wapo wapenzi wa utamaduni, na miongoni mwao washairi, ambao kila likitajwa soko huziba pua. Kwao ususi ni urithi, na urithi hauuzwi. Maneno matamu, ila yanasemwa na watu waliokwisha kula. Mikeka ya pwani iliuzwa tangu jadi, milango ya Mji Mkongwe ilichongwa kwa ujira, na utenzi wenyewe umewahi kutungwa kwa kuagizwa. Kinachoua sanaa si kuuzwa. Ni kuuzwa bila ya jina na chini ya gharama yake. Mjukuu anayeona bibi yake akisuka siku tano kwa pesa isiyotosha kilo chache za unga hatajifunza kusuka, hata akisomewa mashairi mia ya kuusifu ukili.

Kadhalika ikumbukwe kwamba soko si mzazi. Etsy ilianza na sharti la kazi ya mkono, na mwaka 2013 ikawaruhusu wauzaji kutumia viwanda. Mwaka 2022 ikapandisha ada kutoka asilimia 5 hadi 6.5, na Aprili ya mwaka huo maelfu ya wauzaji wakafunga maduka yao kwa wiki moja kulalamika, ada haikushuka. Mfumo wake wa malipo hufunguliwa kwa nchi ilizozichagua, si kwa dunia nzima, ndiyo maana vikapu vya Afrika Mashariki huonekana humo mara kwa mara katika maduka yaliyosajiliwa Ulaya au Marekani. Nyumbani nako, Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Duka lililotia mayai yote katika kapu la mwenyeji mmoja hujikuta nje siku mwenyeji anapohama. Kila mnunuzi aandikwe katika daftari la duka, apelekewe salamu na picha ya kazi mpya, na aliye Dar es Salaam au Unguja alipe kwa simu bila ya kupitia Brooklyn.

Yote haya yanahitaji fedha kidogo na maneno mengi yaliyo sahihi, na maneno ndiyo shamba la washairi. Mwenye kujua tofauti ya kanda na kikapu, mwenye sikio la kupima sentensi na uaminifu wa kutozidisha chumvi, ana kazi ya kufanya kwa ajili ya wasusi wa Mikese, wa Makunduchi na wa Wete. Aifanye kwa ujira wa haki, na jina lake likae chini ya jina la msusi, lisikae mahali pake. Wanaolilia kufa kwa Kiswahili katika mitandao waanze na kifumbu: wakiandike, wakieleze, wakitie bei.