Tusimmalize mgonjwa wa kiharusi kwa huruma



Hivi karibuni nilikwenda kumjulia hali mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyetusomesha Juzuu Amma tulipokuwa wadogo. Ni mwezi wa tano tangu apatwe na kiharusi na kupooza upande wa kulia. Nilimkuta amelazwa chali, binti yake anamlisha uji, mjukuu anampepea. Nilipomwomba ashike kikombe mwenyewe, mkewe alinizuia: "Mwache mwanangu, utamtesa." Lakini nilipomwambia mzee anibane mkono, vidole vyake vilijikunja. Mkono ule haukuwa umekufa, ulikuwa umenyimwa kazi.

Nasema wazi, japo baadhi ya ndugu hawatafurahi: wagonjwa wetu wengi hubaki vilema si kwa kiharusi peke yake, bali pia kwa huruma yetu.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Sehemu iliyokufa hairudi. Lakini Allah (s.w.) ameujaalia ubongo uwezo wa kujifunza upya. Sehemu zilizosalia huweza kushika baadhi ya kazi za ile iliyokufa, kwa sharti kwamba kazi hiyo irudiwe mara nyingi, na mgonjwa mwenyewe. Sisi tuliopita madrasa tunalijua hili. Mtoto hahifadhi sura kwa kumsikiliza maalim tu, huihifadhi kwa kuirudia kwa ulimi wake.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 huko Marekani yalitolewa matokeo ya utafiti ulioitwa EXCITE, wa wagonjwa 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, ambao vidole vyao bado vilikuwa na uhai kidogo. Kundi moja lilivalishwa glavu kwenye mkono mzima kwa wiki 2, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi, pamoja na mazoezi. Mikono yao ilipata nafuu kuliko ya wenzao waliopata huduma za kawaida, na mwaka mmoja baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo.

Wapo wanaosema, "Hii ni qadar, tusubiri." Ni qadar kweli, lakini Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba, na subira si kulala kitandani. Wengine hudai ni jini, wakapoteza saa za mwanzo ambazo hospitali ingeweza kusaidia. Kumsomea mgonjwa Qur'an ni kheri, lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali.

Tazama pia ibada zetu. Mgonjwa mwenye akili timamu hasamehewi salaa. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Hatuswali kwa ajili ya mazoezi, lakini mara 5 kwa siku mgonjwa huyu anapata sababu ya kugeuka, kuketi na kunyanyua mkono. Basi tusimtawadhishe kama maiti. Anachoweza kuosha akioshe mwenyewe, sisi tumalizie. Nyiradi azihesabu kwa vidole vya mkono dhaifu. Na aliyepotelewa na maneno, tusimsemee. Wapo wanaoshindwa kutaja jina la mtoto wao lakini Al-Fatiha ikawatoka, kwa kuwa maneno yaliyozoeleka tangu utotoni mara nyingi husalia. Tumpe muda atafute neno lake.

Hata hivyo, kujitegemea si kujiendea ovyo. Zingatieni haya:

(a) Daktari ndiye aseme lini aanze kuinuliwa. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kumwinua mgonjwa mapema mno na mara nyingi mno, ndani ya saa 24 za mwanzo, kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri.

(b) Asivutwe kwa mkono uliopooza, bega litateguka. Asilishwe akiwa amelala, atapaliwa. Asiyeweza kujigeuza, ageuzwe takriban kila baada ya saa 2 asipate vidonda.

(c) Dawa za presha zisiachwe kwa sababu tu anajisikia vizuri. Kuziacha ni kukaribisha kiharusi cha pili.

(d) Familia si mbadala wa mtaalamu. Utafiti wa ATTEND nchini India, uliotolewa mwaka 2017, uliona kuwa kuwafundisha ndugu mazoezi ya nyumbani hakukuleta matokeo bora kuliko huduma za kawaida. Kwa hiyo mpelekeni mgonjwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hata kama ni mara moja kwa mwezi, ampime na kumpangia kazi. Kazi hiyo aifanye mgonjwa kila siku, ninyi msimamie.

Nafuu huja haraka zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, lakini haikomi hapo. Wapo wanaoendelea kupata nafuu baada ya mwaka na zaidi. Si wote watakaorudi walivyokuwa, na tusiwadanganye. Lakini mtu kujilisha na kujistiri mwenyewe chooni ni heshima kubwa.

Siku ile, kabla sijaaga, tulimketisha mzee wetu, nikampa kikombe cha plastiki kitupu. Kilimponyoka mara tatu. Mara ya nne alikifikisha mdomoni, akamtazama mkewe. Yule mama alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia binti yake aache kijiko.

Wabillahi tawfiq.