Mchicha wa Ohio na kadi ya chakula iliyokatwa

Nilipotea kidogo, maboksi yalinizidi. Leo naomba tuongelee bustani ya mboga. Usifunge ukurasa bado, hii ni siasa tupu, utaona mwenyewe.

Hapa Columbus, Ohio, majira ya kuchipua yana utapeli wake. Machi jua linawaka, mgeni anafurahi, anamwaga mbegu. Usiku unaofuata umande unaganda, asubuhi miche yote imekuwa myeusi. Wenyeji wana kanuni yao: nyanya, pilipili na bamia hazitoki nje mpaka Siku ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Kabla ya hapo miche inalelewa ndani, dirishani, kwenye makopo ya mtindi. Sukuma wiki na ndugu zake wa ukoo wa kabichi ndio wanaovumilia baridi.

Haya yote nimeyajua kwa jirani yangu, mama mmoja Mkongo wa Uvira aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Aliletwa hapa 2024, mwaka ambao Marekani ilipokea wakimbizi karibu 20,000 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Usiku anafanya kazi ghalani, mchana analima kipande cha mita 3 kwa 6 nyuma ya nyumba ya kupanga. Mchicha yeye anauita lengalenga. Mara ya kwanza alipomwona mzee mmoja wa hapa anaung'oa na kuutupa aliniuliza, "Kaka, huyu ana akili kweli? Anatupa mboga?" Ndiyo jamani, huku mchicha-pori ni gugu. Wakulima wa soya wanaupiga vita kwa dawa, na aina nyingine zimeshakuwa sugu, dawa haziziui tena.

Sasa tuje kwenye siasa. Serikali ya Marekani ina mpango wa kuwasaidia chakula watu wa kipato kidogo, unaitwa SNAP. Kila mwezi wanaingiziwa hela kwenye kadi, hela ya kununulia chakula tu. Wengi hawajui kwamba tangu 1973 hela hiyo inaruhusiwa pia kununua mbegu na miche ya mimea ya chakula. Jembe hapana, mbolea hapana, ila mbegu ruksa. Mama huyu alinunua mchele, mafuta, na vipakiti vya mbegu za sukuma wiki na pilipili kwa kadi hiyo hiyo.

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alisaini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Ndani yake kuna kipengele kinachowatoa wakimbizi kwenye SNAP mpaka wapate ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani. Zamani mkimbizi aliyefika kwa taratibu zote alistahili msaada huo tangu anashuka kwenye ndege, wakati kadi ya kijani haombi mpaka amalize mwaka mzima, halafu asubiri majibu. Ukiangalia vizuri, msaada umekatwa pale pale mtu anapouhitaji zaidi: hana gari, lugha inapiga chenga, mshahara wa kuanzia. Na mbegu nazo zimeondoka na kadi.

Majira ya kuchipua ya 2026 ndiyo ya kwanza tangu sheria hiyo ipite. Nimewasikia hata Wabongo wenzangu wa huku wakisema, "Si walime? Kwani Afrika nani anapewa kadi?" Hapo ndipo nagoma.

Tupige hesabu ya kawaida. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu nne, safi. Lakini bustani haitoi unga, haitoi mafuta, haitoi maziwa ya mtoto. Ardhi ya hapa inafanya kazi kama miezi mitano, Oktoba baridi inaanza kuua mimea. Mama anachemsha majani na kuyagandisha kwenye friji, kunde anakausha kama kwetu, bado haitoshi mpaka Mei nyingine. Halafu nyumba si yake. Mwenye nyumba akisema usichimbe, huchimbi. Na nyumba za zamani zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, iliyopigwa marufuku 1978, kwa hiyo udongo wa karibu na ukuta unapaswa kupimwa kabla hujampa mtoto mboga yake.

Marekani yenyewe iliwahi kuwahimiza raia wake walime majumbani. Vita Kuu ya Pili watu walichimba bustani zinazokadiriwa kufika milioni 20, na 1943 Eleanor Roosevelt akaweka moja Ikulu. Lakini bustani zile zilikuja pamoja na mgao wa chakula, maelekezo na vipeperushi vya serikali. Hakuna aliyeambiwa lima, halafu akanyang'anywa mbegu.

Msinielewe vibaya, mimi ni mtu wa bustani. Wewe uliyeko Mbagala au Kayole, hata ndoo tatu za udongo zitakupunguzia gharama ya mboga, anza leo. Ila ukisikia kiongozi wa nchi yoyote anawaambia maskini wajilimie, muulize na ardhi, mbegu na maji vinatoka wapi.

Jana mama kanigongea mlango na mfuko wa sukuma wiki, mavuno ya kwanza. Nilitaka kumlipa, akakataa. Akaniomba kitu kimoja tu: nikienda dukani nimletee kipakiti cha mbegu za bamia.

Naomba kuwasilisha. Wadau, hasa mlioko ughaibuni, kwenu hali ikoje?