Dawa za mashamba: gharama iliyoachwa nje ya vitabu

Mwenye shamba la ndizi za kuuza nje anapopima faida ya dawa, hutazama bei ya pipa na uzito wa mikungu. Historia ya dawa iitwayo DBCP yaonyesha kuwa hesabu hiyo ina pengo.

DBCP iliua minyoo ishambuliayo mizizi. Iliingia sokoni miaka ya 1950, mavuno yakapanda. Mwaka 1961 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kuwa korodani za panya waliovuta mvuke wake zilisinyaa. Biashara iliendelea. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko Lathrop, California, waligundua kuwa wengi wao hawapati watoto. Kati ya wanaume 25 waliopimwa ambao hawakuwa wamefunga uzazi, 14 walikutwa hawana mbegu au wanazo chache mno.

Uzito wa jambo uko kwenye tiba. Wanaume hao hawakuwa wamepungukiwa nguvu za kiume, hivyo dawa za kuongeza nguvu zisingewafaa kitu. Kilichoharibika ni chembe zinazotengeneza mbegu, na hospitali haina dawa ya kuzirudisha. Lililosaidia ni kumwondoa mtu kwenye sumu mapema. Waliobakiwa na mbegu chache wengi walipata nafuu. Wasiokuwa nazo kabisa, wengi hawakupona.

Marekani ilifuta karibu matumizi yote mwaka 1979, ikabakiza mananasi ya Hawaii hadi 1985. Kufikia hapo maelfu ya vibarua wa migomba huko Amerika ya Kati walikwisha kufanya kazi nayo. Kesi zao za fidia zilizunguka mahakamani kwa miongo kadhaa.

Wapo wenye mitaji wanaodai kuwa kinga huwatoa kwenye ushindani. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani gharama haifutiki kwa kutoandikwa. Hulipwa na nyumba ya kibarua, bila risiti. Wala mwajiri asingoje malalamiko. Mwanaume asiyepata mtoto hunyamaza kwa aibu, na mara nyingi lawama humwangukia mke.

Inafaa basi mnunuzi wa dawa adai maelezo ya usalama kabla ya kulipa, achague yenye madhara pungufu, na awapime watu wake kabla ya kuanza kazi na baada ya msimu. Fedha hizo ziandikwe pamoja na mafuta, mbolea na usafirishaji. Bei isiyozibeba ni bei ya uongo.