Majibu ya Mlango wa Kizazi Yakisema "Si ya Kawaida"

Mama atokaye zahanati na karatasi isemayo kwamba kipimo chake cha mlango wa kizazi "si cha kawaida" mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huanza kuwagawia mabinti khanga zake akidhani siku zimekwisha, ama huikunja karatasi ile akaitia chini ya godoro, asirudi tena. Jumapili hii twapenda kuzungumza na akina mama wote wawili, na hasa huyu wa pili.

Kwanza tufahamu kinachopimwa. Shabaha ya kipimo hicho ni mabadiliko katika chembe za utando unaofunika mlango wa kizazi, mabadiliko ambayo huitangulia saratani kwa miaka mingi. Mahali pengine muuguzi hupangusa chembe hizo, zikapelekwa maabara kutazamwa kwa darubini. Katika zahanati zetu nyingi hupaka maji ya siki, na penye mabadiliko hugeuka kuwa peupe mbele ya macho yake. Siku hizi pia hupimwa virusi vya papiloma, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mahali hapo. Virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi mno huvipata wakati fulani wa maisha yao pasipo kujua. Kwa hiyo mume asiyageuze majibu ya mkewe kuwa hati ya mashtaka.

Mabadiliko yenyewe yana ngazi. Yale ya ngazi ya chini, zaidi ya nusu yake hutoweka yenyewe, kwa kuwa mwili huvishinda virusi na chembe zikarudia hali yake. Ndiyo sababu mganga humwambia mama arudi baada ya muda fulani bila kumpa dawa, hakumpuuza. Ya ngazi ya juu ni habari nyingine. Baadhi nayo hurudi nyuma, lakini hakuna mganga awezaye kumtazama mama akajua kwamba yake yatarudi.

Jambo hili wanawake wa New Zealand walilifundisha ulimwengu kwa gharama kubwa. Mwaka 1966, katika hospitali ya National Women's mjini Auckland, daktari Herbert Green aliruhusiwa na wakuu wa hospitali kuwafuatilia wanawake wenye mabadiliko ya ngazi ya juu pasipo kuyaondoa yote, kwa vile aliamini kwamba hayageuki kuwa saratani. Wenyewe hawakuambiwa kwamba wamo katika jaribio. Waliitwa mwaka baada ya mwaka, wakapimwa, wakakutwa na chembe zile zile, wakarudishwa nyumbani. Wenzake, Bill McIndoe na Jock McLean, walipinga wasisikilizwe. Mwaka 1987 waandishi Sandra Coney na Phillida Bunkle wakalifichua jambo hilo katika jarida la Metro, na tume ya Jaji Silvia Cartwright ikatoa taarifa yake mwaka 1988.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 yafaa kusomwa polepole. Kati ya wanawake waliokatwa kipande kidogo tu cha kupimwa na mengine yakaachwa, kiasi cha 31 katika kila 100 walipata saratani katika muda wa miaka 30. Kati ya waliotibiwa ipasavyo, hata mmoja katika 100 hakutimia. Basi hata walioachwa, wengi hawakupata saratani. Wala waliopata hawakuipata kwa siku moja. Muda ulikuwapo, na ulipotezwa. Nasi tulio mbali na Auckland twajifanyia jaribio lile lile kila tuikunjapo karatasi.

Muda huo, hata hivyo, haulingani kwa wote. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujijenga; kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetibiwa, yaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Huyo hapana budi apimwe mara kwa mara zaidi, na asiache dawa zake.

Mama aliyepewa majibu ya namna hii amwulize muuguzi mambo mawili: mabadiliko yangu ni ya ngazi gani, na nirudi lini? Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi ya kliniki, si katika kumbukumbu. Akiambiwa atibiwe, asiogope sana: mara nyingi mahali pale hugandishwa kwa baridi kali au huchomwa kwa joto, kazi ya dakika chache, akarudi nyumbani siku ile ile. Mwaka mmoja baadaye arudi kupimwa tena, hata akijiona mzima. Lakini atokwaye damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asingoje tarehe yoyote ya kadi. Aende kesho asubuhi.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutaeleza juu ya chanjo ya wasichana dhidi ya virusi hivi, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2018.