Acheni Kulala, Modemu Inaita

Wadau, leo sina upole. Nimetoka kwenye ploti moja hapa Kilimani, nyuma kidogo ya barabara ya Argwings Kodhek, ambako wapangaji 11 waliamka Jumatatu wakakuta wamefungiwa maji kwa kosa la kutolipa kodi. Wote 11 walikuwa wamelipa. Meseji za M-Pesa wanazo kwenye simu zao, na mama mmoja alinionyesha yake mara tatu kana kwamba mimi ndiye niliyefunga koki. Asiyekuwa na habari ni kompyuta ya landilodi, na haikuwa na habari kwa sababu aliyeiandikia programu alipenda sana usingizi.

Usingizi wenyewe unaitwa `sleep(10)`.

Mtambo huu wengi wenu mnaujua. Landilodi ana laini yake ya M-Pesa, ameitia kwenye modemu ya USB, zile za Huawei ambazo kuna wakati kila mtu mjini alikuwa nayo mfukoni. Modemu imechomekwa kwenye kompyuta ya Linux. Mpangaji akituma kodi, meseji inaingia kwenye laini, programu inaisoma, inatoa jina na kiasi, inaandika kwenye daftari. (Najua mtakachosema. Tangu 2017 kuna Daraja ya Safaricom, ambayo hupiga hodi kwenye seva yako malipo yakiingia. Lakini Daraja inataka Paybill au Till, na mzee huyu anapokea kodi kwa namba yake ya kawaida na hana nia ya kubadilika. Nendeni mkabishane naye nyinyi.)

Sasa sikilizeni kilichotokea. Jumamosi saa sita mchana stima ilipotea. Kompyuta ina UPS, kwa hiyo haikuzima. Lakini modemu imechomekwa kwenye hab ya USB yenye adapta yake ukutani, na adapta hiyo hakuna aliyekumbuka kuiweka kwenye UPS. Modemu ikafa. Stima iliporudi, ikafufuka. Ila programu ilikuwa bado imeshikilia mlango wa zamani, kwa hiyo kerneli haikuweza kutoa majina yale yale tena. Modemu iliyoondoka ikiitwa `ttyUSB0`, `ttyUSB1` na `ttyUSB2` ikarudi ikiitwa `ttyUSB3`, `ttyUSB4` na `ttyUSB5`. Programu haikujua. Kila baada ya sekunde kumi iliamka, ikaandika `AT+CMGL` kwenye mlango wa marehemu, yaani "nipe orodha ya meseji", kisha ikarudi kulala.

Na kerneli haikunyamaza! Hili ndilo linaloniuma. Kila mara ilirudisha kosa la `EIO`: huku hakuna mtu. Programu ikalipokea kosa hilo kwa mistari miwili maarufu ya Python, `except` na chini yake `pass`. Kuanzia Jumamosi saa sita hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 44. Mara sita kwa dakika. Pigeni hesabu: kerneli iliambia programu ile mara 15,840 kwamba modemu haipo, na mara 15,840 programu ikasema sawa, hakuna meseji mpya.

Nilipompigia simu kijana aliyeiandika (jina lake nalihifadhi, ana bidii na atajifunza) jibu lake lilikuwa kwamba angeweza kupunguza iwe sekunde moja. Ndugu yangu! Hapo ungeambiwa mara 158,400.

Watu wakitetea mtindo huu wa kuuliza-uliza husema prosesa ya siku hizi haina kazi nyingi, sekunde kumi si kitu, mteja haoni tofauti. Kwa upande wa prosesa wana haki, na mimi sibishani hapo. Ubishi wangu ni mwingine. Programu inayouliza-uliza haiwezi kutofautisha kimya na uziwi. Zote mbili kwake zinafanana: hakuna kipya. Fikiria soja wa geti ambaye badala ya kusikiliza kengele anafungua geti kila baada ya sekunde kumi kuangalia kama kuna mgeni. Siku geti likihamishwa upande wa pili wa ploti, ataendelea kufungua tundu la ukutani na kukuandikia kwenye kitabu kwamba leo hakuna aliyekuja. Na kitabu chake kitakuwa safi kabisa.

Tena modemu yenyewe haikuomba kuulizwa. Amri za AT ni za zamani, zimetoka kwenye modemu za Hayes za 1981, na zilipofika kwenye GSM zikaongezewa amri ya `AT+CNMI`. Ukiiandikia modemu `AT+CNMI=2,1`, meseji ikiingia itahifadhiwa kwenye laini, kisha modemu yenyewe itakutupia mstari huu bila kuulizwa na mtu: `+CMTI: "SM",7`. Maana yake, kuna meseji mpya, iko nafasi ya saba. Unaisoma kwa `AT+CMGR=7`, unaiandika kwenye daftari lako, ndipo unaifuta. Usipoifuta, laini hujaa, maana nafasi zake ni chache, na meseji zinazofuata zinabaki kwenye mtandao wa simu zikisubiri. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee wetu. Na tafadhali msikimbilie `2,2` kwa sababu inaleta meseji nzima moja kwa moja. Hiyo haihifadhi. Programu yako ikiwa imeanguka sekunde hiyo, kodi ya mtu imeanguka nayo.

Upande wa kompyuta ni hivyo hivyo. Hutakiwi kulala, unatakiwa kungoja, na hivi ni vitu viwili tofauti. Unaipa kerneli namba ya faili ya mlango wako kupitia `poll` na kuiambia iniamshe pakiwa na jambo. `select` ipo tangu 4.2BSD ya 1983, `epoll` iliingia Linux na kerneli ya 2.6 mwaka 2003. Si teknolojia ya jana. Uzuri wake ni kwamba kifaa kikichomolewa, `poll` inarudi papo hapo na alama ya `POLLHUP`. Kifo chenyewe ni tukio. Huhitaji kukikisia.

Halafu kuna tukio la pili, ambalo hata waandishi wazoefu hulisahau: kifaa kurudi. Hapa ndipo watu huandika kitanzi kingine cha kupekua `/dev` kila sekunde tano. Ya nini? Kerneli hutangaza kila kifaa kinachoingia na kutoka kupitia soketi ya Netlink, na `udev` inalisikia tangazo hilo, inaweka ruhusa za faili iliyo chini ya `/dev`, kisha inatangaza upya. Usiniamini mimi. Fungua dirisha la amri, andika hivi, kisha chomoa modemu na uirudishe:

`udevadm monitor --kernel --udev --subsystem-match=tty`

Utaona mistari ya KERNEL na mistari ya UDEV. Programu yako isikilize ile ya UDEV, kwa sababu ya KERNEL inaweza kukufikia kabla ruhusa za faili hazijawekwa, nawe ukabaki unalalamika kwamba mlango umefungwa. Kwenye `libudev` unafungua kisikilizi, unachukua namba yake ya faili kwa `udev_monitor_get_fd`, unaiweka kwenye `poll` ile ile pamoja na mlango wa modemu. Basi. Usingizi mmoja, milango miwili, na yeyote akibisha unaamka. Wanaotumia Windows wana ujumbe wa `WM_DEVICECHANGE`, kwa hiyo nao wasijifiche.

Kifaa kikirudi, rudia `AT+CNMI`, kwa kuwa modemu nyingi husahau mpangilio huo zikikosa umeme. Kisha itisha orodha nzima ya meseji mara moja, uchukue zilizoingia ukiwa haupo. Na msiandike `ttyUSB2` kwenye msimbo kana kwamba ni jina la ubatizo. `Udev` inakupa majina ya kudumu chini ya `/dev/serial/by-path`. Lile folda jirani la `by-id` ni zuri pia, ila modemu nyingi za bei nafuu hazina namba zao za pekee, na ukiwa na mbili za aina moja zitagombania jina. Kama kwenye mashine kuna ModemManager, ama itumie yenyewe, ama iambie iache mlango wako. Mkishika wawili mtagombana.

Kuna hoja moja ya wapinzani ninayoiheshimu. Wanasema tukio linaweza kupotea, lakini anayeuliza kila mara hatimaye atapata. Kweli, matukio hupotea. Soketi ya Netlink ikijaa kwa sababu umechelewa kusoma, utapata kosa la `ENOBUFS`, na hapo hujui umekosa nini. Dawa yake ni kukagua upya hali yote, mara moja, kwa sababu umeambiwa kwamba umekosa kitu. Vivyo hivyo mwanzoni: fungua kisikilizi kwanza, ndipo ukague vifaa vilivyopo. Ukigeuza mpangilio, kifaa kitakachoingia katikati hutakisikia kamwe. Na kwa modemu iliyoganda bila kufa, ipe `poll` muda wa dakika moja. Ukipita bila neno, itumie `AT` tupu na udai `OK`. Hiyo ni kuuliza kama uko hai, na asipojibu unapiga kelele. Tofauti na yule wa `pass`, huyu akinyamaziwa anajua amenyamaziwa.

Wengine watarusha kwamba USB yenyewe huuliza-uliza, kidhibiti kikizunguka kila kifaa kwenye waya. Ni kweli tupu. Kazi hiyo inafanywa na chipu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, ili wewe usiifanye.

Aibu yangu kubwa ni kwamba haya yanatokea Kilimani. Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kupokea ripoti za watu waliokuwa hatarini, nyingine kwa meseji. iHub ilifunguliwa 2010 pale Bishop Magua, Ngong Road, dakika chache kutoka ploti hii. SMSSync ya Ushahidi iliigeuza simu ya Android kuwa lango la meseji, na haikuhitaji kulala na kuamka, kwa kuwa Android huiamsha programu meseji inapoingia. Somo hili tulilipata hapa hapa mtaani, halafu tukaenda kunakili mfano wa mistari ishirini kutoka mahali fulani kwa sababu ulikuwa mfupi.

Nimeiandika upya programu ya mzee jana usiku. Leo asubuhi nilimwita msimamizi wa ploti nikamwambia achomoe modemu. Skrini ikaandika: modemu imeondoka. Akairudisha, ikaandika: modemu imerudi, meseji 0 mpya. Akaichomoa tena kwa raha zake, mara nne. Adapta ya hab nimeihamishia kwenye UPS, kazi ya shilingi sifuri. Maji yalikuwa yamerudi tangu jana saa saba mchana. Yule mama wa meseji tatu nilikutana naye ngazini nikitoka, na bado hajaitikia salamu yangu.