"Hajawa tayari" na faili lililofungwa

"Hasaidiki huyo mpaka aamue mwenyewe." Utayasikia haya kwa jirani wa teja, kwa shangazi aliyechoka kuibiwa sufuria na, kinachokera zaidi, kwa mshauri nasaha mwenye cheti ukutani. Mlevi kaja mara moja, kanuna, kasema hana tatizo. Faili linafungwa: hajawa tayari. Mwacheni dunia imfunze.

Aliyezidisha unga dunia haimfunzi. Inamzika.

Wenye imani hii hujificha nyuma ya James Prochaska na Carlo DiClemente, Wamarekani waliochapisha mwaka 1983 utafiti wao juu ya watu wanaoacha sigara wenyewe. Walieleza hatua: kuna asiyewaza kabisa kuacha, anayewaza, aliyeanza, anayedumu. Ramani ile ilikuwa ya kumsaidia mshauri ajue aseme nini na nani. Sisi tumeifanya geti. Tena hata kwa kubashiri ina kasoro: mwaka 2006 mtafiti Robert West na mwenzake walionyesha kwamba Uingereza karibu nusu ya majaribio ya kuacha sigara hayakupangwa kabla, na hayo ndiyo yaliyoelekea kudumu zaidi. Jana yake dodoso la hatua hizo lingemwandika mtu aliyeacha ghafla hivyo "bado".

Na huo ubishi wa mteja, mara nyingi tumeuchochea wenyewe. Utafiti wa William Miller na wenzake wa mwaka 1993 ulikuta kwamba kadiri mshauri alivyowakabili wanywaji kwa kuwasuta, ndivyo walivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. (Kwetu kusuta ndiko tunakoita nasaha.)

Chukua kile kipimo cha utayari wa kuacha, cha 0 hadi 10. Teja anasema yuko 3. Ukimuuliza mbona si 8, atakumwagia visingizio vyake vyote. Muulize mbona si 0. Atafikiri, kisha ataanza kumtaja mwanawe, polisi, arosto za alfajiri. Hapo anayemshawishi ni yeye mwenyewe.

Tiba nayo haina haja ya kusubiri azma. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, mwaka 2011. Anayeifuata kwa kuikimbia arosto tu, bila azma yoyote kubwa, atarudi kesho na keshokutwa, na kila akirudi kuna nafasi ya kuzungumza naye.

Sisemi watu waburutwe kwa kamba hadi soba hausi. Kukataa ni haki yao. Ila mshauri anayetaka kuandika "hajawa tayari" aandike kwanza aliuliza nini, alimsubiri muda gani ajibu, na kati yao wawili ni nani aliyezungumza zaidi.