Konyaki inalindwa, lutuku inakimbizwa

Mwezi wa Novemba 2024, wafanyakazi wa Hennessy, mjini Cognac kule Ufaransa, walifanya mgomo. Mabosi walitaka konyaki ipelekwe China bila chupa, itiwe ndani ya chupa kule, kusudi ikwepe kodi mpya ya Wachina. Wafanyakazi walikataa kazi yao isihamishwe, na mpango ukasimamishwa.

Sisi wa Kazimia habari hiyo inatuhusu, juu konyaki na lutuku ya mama zetu ni ndugu. Unachemsha kitu kilichochacha, unakamata mvuke, unaupoesha. Kule ni mvinyo wa zabibu, huku ni mihogo na mahindi. Tofauti kubwa iko kwa sheria.

Hennessy ilianza mwaka 1765. Sheria ya konyaki ya 1936 inalinda jina na kazi: zabibu za eneo lile tu, kupika mara mbili ndani ya chombo cha shaba, kisha kulaza kwenye mapipa ya mti wa chêne si chini ya miaka 2. Mpishi anatenga maji ya kwanza na ya mwisho, anabakiza ya katikati.

Kwetu, tarehe 10 Septemba 1919, Ufaransa, Ubelgiji na wenzao walisaini mkataba kule Saint-Germain-en-Laye: kupika pombe kali kukakatazwa karibu Afrika nzima. Kwao waliendelea kupika. Lutuku ikaingia mafichoni. Na mwenye kupika kwa kujificha anatumia pipa lolote analopata; hakuna wa kumfundisha wala wa kupima.

Anayelipa ni mchimbaji. Sumu ya kuogopa zaidi ni metanoli ya viwandani, ambayo wauzaji wabaya wanaongeza. Kule Kabale, Uganda, mwaka 2010 iliua makumi ya watu. Ulimi hauitambui, hata kuwasha kwa kiberiti hakuonyeshi kitu. Mtu akikunywa halafu macho yakaona ukungu, apelekwe hospitali mara moja, asiachwe alale.

Hatusifu ulevi, franga ya shimoni iende kwanza kwa chakula na masomo ya watoto. Lakini marufuku ya miaka 100 haijamaliza lutuku. Uganda, miaka ya 1960, ilitoa ruhusa kwa wapishi wauzie kiwanda, ndipo ikatoka Uganda Waragi. Leta yetu nayo iandikishe mama zetu kwa vikundi, iwafundishe, ipime bidoni zao. Shaba ya vyombo hatutaagiza mbali: inachimbwa Katanga.